Je, wajua kwa nini kati ya kompyuta mbili pacha, moja huukubali mfumo endeshi (programu kuu inayoisimamia kompyuta) wa jamii ya Unix na ya pili huukataa?

Katika karakana ya fundi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, zimo Macintosh mbili kuukuu, kompyuta za kampuni ya Apple, zilizofika miaka mingi iliyopita katika shehena ya vifaa vya msaada. Moja ni Macintosh LC, iliyotoka mwaka 1990, na nyingine ni LC II ya mwaka 1992. Kasha lao ni lile lile bapa, prosesa ya kila moja, yaani chipu inayotekeleza amri, ni ya Motorola yenye mwendo wa megahezi 16, na hakuna inayoweza kutumia zaidi ya megabaiti 10 za kumbukumbu. Hata hivyo LC II huendesha NetBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix unaosifika kwa kukubali mashine za kila namna, ilhali LC haina njia ya kuuwasha.

Fundi aliponiuliza sababu, nilimjibu bila kusita kwamba LC ni dhaifu mno, na kwamba ikiongezwa kumbukumbu mambo yatanyooka. Jibu hilo lilikuwa kosa, na kwa kuwa nimelisikia kwa wengi tangu hapo, linastahili kubomolewa taratibu. Udhaifu hauwezi kuwa sababu, maana mwendo na kikomo cha kumbukumbu cha mashine zote mbili ni kimoja. Udogo nao hauwezi kuwa sababu: Ken Thompson alipoanza kuandika Unix mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, alitumia kompyuta ya PDP-7 yenye kumbukumbu ya takriban kilobaiti 18, na LC iliyojazwa hadi ukomo wake inaizidi zaidi ya mara 500. Wala si umri, kwa sababu Linux, mfumo mwingine wa jamii hiyo, ilianza kuandikwa mwaka 1991 kwa ajili ya chipu ya Intel 386, ambayo ilitangazwa mwaka 1985, miaka mitano kabla ya LC kuuzwa. Nilikuwa nikipima ukubwa wa nyumba, kumbe kilichokosekana ni mlinda mlango.

Mlinda mlango huyo ni kitengo cha usimamizi wa kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita kwa kifupi MMU. Prosesa ya LC ni 68020, isiyo na kitengo hicho ndani yake; ile ya LC II ni 68030, iliyo nacho. Kazi yake ni kugeuza anwani ambazo programu inadhani inazitumia kuwa anwani halisi za kumbukumbu.

Tuchukue bohari moja kubwa la Shimanzi lililokodishwa na wafanyabiashara wengi kwa pamoja: bohari ni kumbukumbu, wafanyabiashara ni programu. Kila mmoja ameandika katika kitabu chake kwamba mali yake ipo rafu ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna anayejua kwamba wenzake wameandika vivyo hivyo. Mlangoni ameketi karani mwenye daftari, ambaye ndiye MMU. Hamali, yaani prosesa, akija na agizo la kutoa gunia katika rafu ya pili ya mfanyabiashara fulani, karani hutazama daftari na kumwambia kwamba rafu hiyo, kwa kweli, ni ya 47. Agizo likitaja rafu isiyomo katika ukurasa wa mfanyabiashara huyo, karani humzuia, na kwa njia hiyo hakuna anayeweza kuvuruga mali ya mwenziwe hata kwa bahati mbaya. Katika Intel 386 daftari hilo lina ngazi mbili: orodha kuu yenye nafasi 1,024, kila nafasi ikielekeza kwenye orodha nyingine ya nafasi 1,024, na kila moja ya hizo ikielekeza kwenye kipande cha kumbukumbu cha baiti 4,096, ambacho nacho huitwa ukurasa. Zizidishe, utapata gigabaiti 4 kamili.

Utamu wa jambo huanza gunia lisipokuwapo. Tuseme bohari limejaa, na baadhi ya magunia yamevushwa kwa feri kwenda kuwekwa Likoni, ambako ndiko diski ya mfano wetu. Karani humsimamisha hamali na kumwita msimamizi wa bohari, yaani mfumo endeshi, ambaye huagiza gunia livushwe, hurekebisha daftari, kisha humwamuru hamali aendelee na kazi yake. Mfanyabiashara hatambui lolote ila kwamba leo huduma imechelewa kidogo.

Mpango huo hudai kwamba hamali aliyesimamishwa katikati ya kazi akumbuke alipofikia, na hapo ndipo chipu ya kwanza ya ukoo huu, Motorola 68000, ilipokwama hata pale watengenezaji walipoiwekea karani wa nje. Ikisimamishwa katikati ya amri kwa kukosa ukurasa, haikuhifadhi taarifa za kutosha za kuiwezesha kuendelea wala kuanza upya kwa usalama. Kampuni ya Apollo ilitatua tatizo hilo kwa ufundi ambao hadi leo hunifurahisha: kompyuta zake za mwanzo zilifungwa 68000 mbili, ili moja iachwe imeganda, mguu hewani, huku ya pili ikienda kuuleta ukurasa uliokosekana. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika chipu iliyofuata, 68010.

Hapa panahitaji tahadhari, nisije nikaondoa kosa moja na kupanda jingine. Si kweli kwamba Unix haiwezi kamwe kuishi bila MMU. Ile PDP-7 haikuwa nayo. Programu moja tu ndiyo iliyokaa katika kumbukumbu kwa wakati mmoja, na nyingine zilisubiri diskini. Mwaka 1998 ulianza pia mradi wa uClinux, uliopeleka Linux kwenye chipu zisizo na MMU. Kinachopotea ni ulinzi baina ya programu, pamoja na desturi ya Unix ya programu kujigawa na kuwa mbili zenye anwani zile zile, jambo gumu sana pasipo karani wa kutofautisha rafu ya pili ya huyu na ya yule. NetBSD imejengwa juu ya dhana kwamba karani yupo. Vilevile, si kila kukataliwa kunatokana na chipu: 386 ina MMU timamu, lakini Linux iliiacha katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, kwa kuwa wasimamizi wake walichoka kubeba mzigo wa mashine chache zilizosalia.

Kwa mwenye kompyuta ya namna hii, njia ya uhakika ni kufungua kasha na kusoma maandishi yaliyo juu ya prosesa, tena kwa makini, kwa sababu Motorola iliweka habari kubwa katika herufi mbili ndogo. MC68030 ina MMU, MC68EC030 haiuzwi kwa ahadi hiyo. MC68LC040 ina MMU lakini haina kitengo cha hesabu za desimali. Ikiwa ni 68020, kuna baadhi ya mashine, kama vile Macintosh II, zilizoachiwa soketi ya chipu ya pembeni iitwayo 68851, ambayo ni karani wa kuajiriwa baadaye. Nilimwomba fundi aitafute soketi hiyo katika LC. Aliigeuza bodi mara mbili chini ya taa, akapuliza vumbi, kisha akanirudishia bisibisi yangu, kwa kuwa katika LC soketi hiyo haikuwekwa.