Vyuo vikuu na soko: yasemwayo Njoro na Maseno

"Ni Ruto aliyeanza kuuza elimu ya chuo kikuu." Hilo la Rais utalisikia kwenye matatu ya Njoro na ya Maseno vilevile, miji ya Kenya yenye vyuo vikuu, na si kweli. Soko liliingia 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa mpango sambamba, wanaojilipia karo yote. Vyuo vingine vikaiga. Kampasi zikachipuka katikati ya miji kama Kisumu na Nakuru, nyingine juu ya maduka. Pesa ziliingia, watu wakaajiriwa, majengo yakaanzwa. Kisha KCSE ya 2016, mtihani wa kumaliza sekondari, ikasimamiwa kwa ukali: waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakashuka kutoka zaidi ya 169,000 hadi karibu 89,000, na serikali ikaweza kuwapa nafasi wote. Nani tena angejilipia? Mteja akatoweka, mishahara ikabaki.

Wengine wanaililia ile karo ya zamani ya shilingi 16,000 kwa mwaka, waliyolipa wanafunzi waliopewa nafasi na serikali, kana kwamba masomo yenyewe yaligharimu hivyo. Serikali iliahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, ikawa inatoa pungufu kila mwaka. Pengo lilijazwa kwa madeni.

Eti kozi zisizo na soko zifungwe? Egerton, chuo kikuu cha hapo Njoro, ilianza 1939 kama shule ya ukulima. Kilimo ndicho kinachoilisha Bonde la Ufa, lakini si kozi inayogombaniwa na vijana. Ukifuata foleni ya waombaji peke yake, utafunga usichopaswa kufunga.

Dhana inayowaumiza wazazi zaidi ni kwamba mfumo wa 2023 wa kuwagharimia wanafunzi wa vyuo vikuu ni mkopo mtupu, hivyo wengine hawaombi kabisa. Kwa anayesomea chuo cha umma, kuna ufadhili, ambao haurudishwi, na kuna mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaorudishwa kwa riba ya asilimia 4. Tangu 2024 bendi, yaani makundi ya wanafunzi kulingana na uwezo wa familia, ni tano: ya kwanza hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia ikitoa 5; ya tano familia hutoa 40. Ugomvi uko kwenye kupangwa bendi, na hapo walalamikaji nawaunga mkono. Kibarua wa miwa Mumias ataonyesha hati gani ya mshahara? Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasitisha uamuzi huo kwa muda, na bendi zikaendelea kutumika.