Vinundu vya kurithi: "ni ngozi tu" na mengine ninayoyasikia kliniki

"Daktari, mimi siumwi, ni hivi vinundu tu." Nimeichoka sentensi hii. Anayeisema ana vinundu laini mwili mzima, madoa ya rangi ya kahawa ya maziwa tangu utotoni, na presha hajapima miaka nenda rudi.

Ugonjwa wake wa kurithi unaitwa nyurofibromatosi ya aina ya 1; unaonekana kwenye ngozi, lakini hauishii hapo. Chanzo ni hitilafu ya jeni moja katika kromosomu ya 17, jeni inayozuia seli zisikue ovyo. Vinundu huota kwenye mishipa ya fahamu, nayo imeenea mwili mzima. Mtoto huweza kuota uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, akafifia kuona bila kulalamika. Mgongo huweza kupinda. Masomo yakimshinda, anaitwa mvivu. Kwa mtu mzima, tezi ya adrenali iliyo juu ya figo huweza kuota uvimbe unaomwaga homoni: kichwa kinagonga, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, presha inaruka. Mwingine ateri (mshipa wa damu) ya figo imebana, presha nayo inapanda. Ndiyo maana kwangu ni presha kwanza, vinundu baadaye, hata kwa mtoto. Na wewe unayetaka "kusafishwa" vinundu vyote kwa dawa ya usingizi, jua kwamba uvimbe huo wa adrenali usipogunduliwa mapema unaweza kukuua kwenye meza ya upasuaji. Wanawake nao waanze uchunguzi wa matiti wakifika miaka 30, kwa sababu saratani huwawahi.

"Kikiguswa na kisu kinageuka saratani." Hapana. Vinundu vidogo vya ngozi havigeuki. Ninachokihofia ni uvimbe mkubwa wa ndani unaoanza kukua haraka, kuwa mgumu, au kuuma bila kukoma.

"Wazazi wangu hawana, basi nimerogwa." Karibu nusu ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao, na hitilafu imeanzia kwao. Ila kila mimba yako ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, uwe baba au mama.

Kuambukiza? Hauambukizi. Kuleni sahani moja.

"Ni alama za kuzaliwa, zitaisha." Doa moja au mawili, sawa. Mtoto akiwa na sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5, mleteni apimwe macho. Na presha.