"Fundi, nibadilishie tu prosesa": yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu mashine za gemu

Mwezi wa Septemba hapa Tabora mvua bado haijaanza, vumbi limejaa hewani na jua halina huruma. Ndio msimu ambao kompyuta mpakato za gemu huletwa mezani kwangu zikiwa na ugonjwa uleule: gemu inaanza laini, ikifika dakika ya kumi na tano inakwamakwama, feni inalia, kibodi haishikiki kwa moto. Na wengi huja na tiba yao tayari. Naandika kwa sababu tiba hizo zinawamalizia vijana pesa bure.

"Prosesa inachomolewa kama RAM"

Kijana mmoja wa Isevya alinijia na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mtumba, i7-4700MQ, kainunua kwa pesa alizodunduliza miezi kadhaa. Rafiki yake mwenye i5-4200M alikuwa ameweka prosesa kama hiyo na ikakubali. Mashine yake yeye ilikuwa na i5-4200H. "Si 4200 ileile, kaka?" aliniuliza. Nikaifungua mbele yake ajionee.

Herufi za mwisho ndizo zenye neno. Kwa prosesa za kizazi kile, M au MQ maana yake imekaa kwenye soketi: unalegeza kifungo chake, unainyanyua. H imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kwa vidonge vidogo vya lehemu, 1,364 kwa hesabu, vyote vimejificha chini yake. Hapo bisibisi haina kazi, wala pasi ya kuchomelea haifiki. Kunahitajika mashine maalumu ya kupasha bodi kwa kipimo, na hata ungekuwa nayo, ile MQ ina miguu ya pini. Haiwezi kukaa pale abadani. Niliumia kumwambia.

Kizazi cha nne cha Intel, kilichotoka 2013, ndicho cha mwisho kuwa na prosesa za mpakato za kuchomeka. Kuanzia cha tano zimechomelewa, na Ryzen za mpakato, za kampuni ya AMD, ni hivyohivyo. Zipo mashine chache zilizofungwa prosesa za kompyuta ya mezani, kama Alienware Area-51m ya 2019, lakini hizo ni nene, nzito, na hapa kwetu ni nadra kuziona.

Hata penye soketi, usikimbilie. i5-4200M imepangiwa wati 37, i7-4700MQ wati 47. Wati hizo 10 za ziada lazima bomba la shaba na feni vizibebe, na bayosi (programu inayoiwasha mashine) lazima iitambue prosesa mpya, la sivyo mashine haiwaki. Soma jina kamili la prosesa yako, mtafute mwenye modeli ileile aliyefanikiwa, ndipo utoe pesa.

"i7 ni i7 tu"

Hapana. i7-7500U ina koa 2, yaani viini vya kufanyia kazi, na imepangiwa wati 15. i5-7300HQ ya kizazi hichohicho ina koa 4 na wati 45. Kwenye gemu hiyo i5 inaiacha i7 mbali. Ukinunua, soma namba na herufi zote.

"Ukiovakloki, gemu zitaruka"

Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa ikimbie kupita mwendo iliopewa kiwandani. Prosesa nyingi za H zimefungwa zisiguswe hivyo. Kwa upande wa Intel zilizoachwa wazi ni za HK na, siku hizi, nyingi za HX, na bado mtengenezaji wa mashine anaweza kuzifunga kwenye bayosi.

Lakini tuseme yako iko wazi. Chukua i7-9750H kama mfano wa zinavyofanya kazi, ingawa yenyewe imefungwa: mwendo wake wa msingi ni GHz 2.6, na ikipata nafasi hujipandisha yenyewe hadi 4.5. Hakuna anayeisukuma. Inapanda maadamu joto na umeme vinaruhusu, na ikigusa nyuzi 100 hivi inajishusha ili isiungue. Kwa hiyo mashine inayokwamakwama dakika ya kumi na tano mwendo inao, imeshindwa kuushikilia. Kuiongezea mwendo mwingine ni kumzidishia mzigo mtu aliyekwisha kukaa chini kwa kuchoka.

Na mzigo wenyewe haupandi kidogokidogo. Umeme unaotumika hupanda kwa mwendo, na hupanda kwa volti zidishwa kwa volti. Ongeza vyote viwili asilimia 10 na unakula umeme zaidi kwa kama asilimia 33, ambao wote unageuka joto. Kompyuta ya mezani unaweza kuifungia kipoozeo kikubwa. Kwenye mpakato, prosesa na kadi ya michoro mara nyingi zinagawana mabomba yaleyale ya shaba, na kadi ndiyo inayobeba gemu nyingi. Ukiipasha prosesa, umemwibia mwenzake.

Kinachosaidia kweli ni kinyume: kupunguza volti, mwendo ukabaki uleule na joto likashuka. Bahati mbaya, Desemba 2019 lilitangazwa pengo la usalama lililoitwa Plundervolt, lililopitia njia hiyohiyo ya volti, na watengenezaji wengi wakaifunga kwa masasisho ya bayosi. Kama yako imefungwa, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 99. Turbo, yaani kule kujipandisha mwendo, itazimika. Utapoteza kasi ya mwanzo, ila kwa gemu nyingi mchezo utatulia. Kuweka ukomo wa fremu (picha) 60 kwa sekunde nako kunapunguza joto sana.

"Pulizia kutoka nje, kisha paka dawa ya meno"

Vumbi letu halikai kwenye matundu ya nje. Linajishona kama blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, kwa ndani. Ukipulizia kutoka nje unalirudisha kwenye feni. Fungua, ishikilie feni kwa kidole isizunguke, litoe kwa brashi. Dawa ya meno juu ya prosesa hukauka siku chache tu, ukabaki na unga. Nunua pesti halisi ya kupitisha joto na upake nyembamba. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya chuma, na ikiwa nene inazuia joto. Tafadhali usicheze gemu juu ya godoro.

"Chaja yoyote inayoingia inafaa"

Volti 19.5 zinaweza kufanana kabisa, lakini moja ni ampea 4.62, yaani wati 90, na mashine inataka 7.7, yaani wati 150. Ikikosa, inajishusha mwendo, na mwenyewe anailaumu prosesa.

Mashine ya yule kijana ilikuwa na vumbi la kujaza kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande kimoja cha RAM, GB 4. Tukaongeza cha pili kinachofanana nacho, cha aina ya DDR3L, ili vifanye kazi sambamba. Alicheza pale mezani kwangu kwa saa nzima bila kukwama. Ile i7 tuliipatia mwenye 4200M kule Nzega.