Soya Katikati ya Mahindi: Yanayodhaniwa na Yanayotokea Shambani

Katika mashamba ya Masasi, Nachingwea na Ruangwa, mahindi yamezoea kuchanganywa na mbaazi, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya wengi wadhani kwamba soya nayo, kwa kuwa ni jamii ya kunde, itapatana na mahindi vilevile. Sivyo. Mbaazi hukua polepole katika miezi ya mwanzo, huvumilia kukaa chini ya mahindi, kisha hutanua matawi na kuchanua mahindi yakishavunwa, ikitumia unyevu uliobaki ardhini mvua zinapokatika. Soya haina subira hiyo: aina nyingi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, karibu sawa na mahindi, kwa hiyo mazao yote mawili hudai mwanga, maji na virutubisho kwa wakati mmoja.

Wapo wanaoamini kwamba ushindani huo ni wa rutuba tu, na kwamba mbolea ya kukuzia itaumaliza. Mara nyingi kinachogombewa kwanza ni mwanga. Soya iliyofunikwa na kivuli hurefuka, huwa na shina jembamba linaloanguka kwa urahisi, na hubeba maganda machache. Ukiongeza naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea hiyo, mahindi hutanua majani na kuzidisha kivuli, huku soya yenyewe ikipunguza vinundu vya mizizi, yaani uvimbe mdogo ambamo bakteria huitengenezea naitrojeni. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio, kwa mfano mistari miwili ya mahindi ikifuatwa na miwili ya soya, na kupanda soya siku moja na mahindi badala ya kungoja palizi ya kwanza. Ushindani wa maji nao upo, hasa katika udongo wa kichanga, mvua zinaposimama katikati ya msimu wakati mahindi yanatoa mbelewele.

Dhana nyingine ni kwamba soya huyalisha mahindi msimu uleule. Naitrojeni inayotengenezwa na bakteria wa vinundu hutumiwa kwanza na soya yenyewe, na sehemu kubwa huondoka na punje. Kinachobaki katika mizizi na majani hufaidi zao la msimu unaofuata, ikiwa masalia hayakuchomwa. Tena, mahali ambapo soya haijawahi kulimwa, bakteria wanaofaa huenda wasiwepo, na ndiyo sababu mbegu huchanganywa na bakteria hao kabla ya kupandwa. Kata kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi.

Wanaosema mseto ni hasara kwa sababu magunia ya mahindi yamepungua husahau kuhesabu soya. Tuseme hekta moja ya mseto imetoa asilimia 80 ya mahindi na asilimia 40 ya soya ambazo hekta ya kila zao peke yake ingetoa. Jumla ni asilimia 120, yaani ingehitajika hekta 1.2 kupata mavuno hayohayo kwa mashamba yaliyotengwa. Jumla ikishuka chini ya asilimia 100, ni afadhali kutenganisha.