Je, wajua kwa nini filta yako ya paketi inakaa kimya na trafiki ipo?

Mafundi wengi wa network hapa Kampala wamekutana na hii: uko kwa server unaandika tcpdump (programu ya kuonyesha paketi zinazopita) na port 53, maombi ya DNS (yanayouliza anwani za tovuti) yanamwagika kwa skrini kama kawaida, alafu unaenda kwa waya unaobeba PPPoE ya wateja (itifaki inayoongeza hedi, yaani maelezo ya mbele ya paketi) unaandika maneno yale yale na hakuna kitu. Wateja wanaendelea kufungua page zao, kwa hiyo paketi zinapita. Hapo ndipo watu wanaanza kuzima na kuwasha ruta, na ruta masikini haina kosa lolote.

Kinachotokea ni hiki. Maneno yako yanachukuliwa na libpcap, maktaba ambayo tcpdump inaitegemea, inayageuza kuwa maagizo mafupi mafupi ya BPF, mfumo wa kuchuja paketi ambao Steven McCanne na Van Jacobson waliuelezea 1992 wakiwa Lawrence Berkeley Laboratory kule Marekani. Maagizo hayo yanakimbia ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) kwa kila paketi inayopita na ni ya haraka ajabu, lakini haraka hiyo inatokana na kutojua mengi, yaani yanahesabu baiti toka mwanzo wa paketi, yanaangalia namba iliyoko pale, yanaamua hii ipite ama itupwe. Ni kama abiria aliyeambiwa panda taxi pale Old Taxi Park ushuke stage ya nne, jina la mahali halijui, taxi ikipita barabara nyingine yeye bado atashuka ya nne.

Jionee mwenyewe, andika tcpdump -d ip kwenye intafesi ya Etheneti. Itakutolea mistari minne tu. Wa kwanza ni ldh [12], maana yake soma baiti mbili kuanzia ya 12, na hesabu inaanzia sifuri. Wa pili ni jeq #0x800, kama namba ni 0x800 basi hii ni IPv4. Miwili iliyobaki ni kubali ama tupa. Sasa hiyo 12 inatoka wapi? Hedi ya Etheneti ina baiti 14: 6 za anwani ya MAC (namba ya kifaa) ya anayepokea, 6 za anayetuma, na 2 zinazosema ndani kuna nini. IP inaanza baiti ya 14, na ukitaka kujua ni TCP ama UDP (njia mbili za kusafirisha data) unaenda baiti ya 23, ukikuta 6 ni TCP, 17 ni UDP.

Kwenye PPPoE, pale kwenye 12 kuna 0x8864, na IP imesukumwa mpaka baiti ya 22. Filta inatafuta 0x800, inakuta namba nyingine, inatupa, na haikwambii kitu kwa sababu kwa upande wake imefanya kazi sawasawa. Dawa ni kuandika pppoes and port 53. VLAN (kugawa network moja kwa tagi) nayo inaongeza baiti 4, na hapo kuna mtego, Linux mara nyingi inaitoa tagi pembeni kabla filta haijapita, kwa hiyo filta inaeza kunasa vizuri live, alafu ukisoma faili ulilohifadhi ikakosa kila kitu. Andika port 53 or (vlan and port 53), na usigeuze mpangilio, maana neno vlan linasogeza hesabu ya yote yanayofuata baada yake.

Na hizo ndizo rahisi. Ukinasa kwa intafesi ya any kwenye Linux (yaani intafesi zote kwa pamoja) unapata hedi ya baiti 16, ama 20 kwa toleo jipya lake, na hilo jipya limehamisha namba ya aina mpaka mwanzoni kabisa. VPN ya tun (intafesi bandia inayobeba IP tupu) haina hedi ya linki kabisa, filta inachungulia nusu ya baiti ya kwanza kama ni 4 ama 6. Wi-Fi ya monitor mode (kusikiliza kila kinachopita hewani) ndiyo ngumu kweli: mbele kuna hedi ya radiotap ambayo urefu wake unabadilika, lazima usome urefu kwanza kwenye baiti ya 2 na ya 3, uruke, ukute hedi ya 802.11 ambayo nayo inaeza kuwa 24 ama 26 ama zaidi, alafu baiti 8 za LLC (zinazosema ndani kuna nini), ndipo ufike kwa IP. Na BPF ya asili haikuruhusu kurudi nyuma, inaruka mbele tu ili isikwamishe kerneli, kwa hiyo kila aina ya linki lazima mtu akae aiandikie hesabu yake.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu kitu anza na tcpdump -L, itakuonyesha aina za linki (yaani mpangilio wa hedi) za intafesi yako. Kwa aina nyingine libpcap inakataa waziwazi kwamba hiyo filta haijatengenezwa, na kwangu mimi huko kukataa ni bora mara mia kuliko kimya. Hapo unaeza kuhifadhi zote bila filta kwa -w, uchuje baadaye ndani ya programu ya Wireshark, yenyewe inafungua hedi moja baada ya nyingine haikisii nafasi, ila angalia disk, kwenye laini yenye kazi inajaa upesi.

Wanaoandika libpcap hawana kila modemu na kila redio duniani. Ukiwa na kifaa ambacho filta yake haifanyi kazi, kinachowasaidia ni faili fupi la paketi zake, namba ya aina ya linki, na filta uliyojaribu. Nasa kwa laini ya majaribio yako mwenyewe, usitume trafiki ya wateja.