Kubeba fanicha kwa kirikuu: sentimita kwanza, kilo baadaye

Dereva aliyezoea saruji na mchele akihamia kwenye fanicha huona kama kazi imekuwa nyepesi. Kwa kilo, ni kweli: sofa za watu saba hazifikii uzito wa mifuko kumi ya saruji. Lakini saruji haikwami mlangoni, haishiki upepo barabarani, na haina mkwaruzo ambao mteja atauona kesho yake mchana kweupe. Hasara nyingi za kazi hii zinaanzia kwenye vipimo ambavyo hakuna aliyevichukua kabla gari halijawashwa. Ninaandika kwa ajili ya anayejitegemea hapa Dar es Salaam, mwenye kirikuu, ile pikapu ndogo, au Canter ndogo, anayepata kazi kwa mafundi fanicha wa Keko, kwa madalali wa nyumba na kwa wateja wanaopeana namba.

Anza na gari lako. Kirikuu ya kawaida, Suzuki Carry ya cc 660, ina bodi yenye urefu wa karibu sm 194 na upana wa karibu sm 141 kwa ndani, na kiwanda kimeipangia kilo 350. Pima la kwako, maana bodi nyingi zimeshagongwa na kuchomelewa upya, kisha andika vipimo mahali utakapoviona ukiwa unaongea na simu. Godoro la 6 kwa 6 ni sm 183 kila upande: kwa urefu linaingia, kwa upana linatokeza kama sm 21 kushoto na 21 kulia. La 5 kwa 6 lina upana wa sm 152, kwa hiyo nalo halilali sakafuni, litakaa juu ya kuta za bodi. Ukishayajua haya hukubali kitu kwa kukadiria.

Kilo 350 najua zinachekwa kijiweni. Watu wanaongeza majani ya springi na kupakia mara mbili yake. Springi iliyoongezwa inazuia bodi isikae, basi. Breki ni zile zile na beringi za magurudumu ni zile zile. Kwenye fanicha huna sababu ya kufika huko, kwa sababu bodi hujaa kabla ya kilo kutimia. Angalia tu mbao nzito kama mninga na mkongo, halafu vioo. Kioo cha mm 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, hivyo kioo cha meza ya chakula cha sm 180 kwa 90 ni kama kilo 40 peke yake, na hakina pa kushika.

Mteja akipiga simu, swali la kwanza lisiwe "unatoka wapi unaenda wapi". Uliza ni kitu gani, cha mbao au cha bodi ya unga wa mbao, kinafunguka au kimepigwa misumari, kinaenda ghorofa ya ngapi, na je, gari linafika mlangoni. Omba picha, na kwenye picha mtu asimame pembeni ya hicho kitu. "Kabati dogo tu kaka" ni maneno, na mtu akisimama hapo utaona kama kabati linamzidi kichwa. Kisha omba kipimo cha mlango mwembamba kuliko yote njiani, na hapa watu hukosea kwa kupima mlango mkubwa wa mbele na kusahau geti la chuma la nje, ambalo mara nyingi halifunguki lote, na mlango wa korido. Mlango unaoitwa wa sm 90 ukitoa fremu na unene wa bawa lililofunguliwa unabaki na sm 82 au 83 za kupita.

Sofa ya watu watatu yenye urefu wa sm 210, kina cha sm 95 na kimo cha sm 90 haipiti hapo ikiwa imesimama kwa miguu yake. Geuza ubavu ili kimo ndicho kipite kwenye upana wa mlango. Fungua miguu, ambayo kwa kawaida imekazwa kwa skrubu za nyota au inazungushwa kwa mkono, na kimo kinashuka hadi kama sm 80. Ukikwama kwa kidogo, toa bawa la mlango kwenye bawaba. Unapata sm 4 hivi. Ikiwa korido ni fupi, isimamishe sofa kwa ncha, ingiza mgongo kwanza, halafu izungushe kufuata kona kama mtu anayepinda kiuno. Sofa za L nyingi zimeunganishwa kwa ndoano au boti chini ya kitambaa; papasa kabla ya kumwambia mteja haigawanyiki.

Kwa makabati kuna hesabu moja ambayo hata mafundi huisahau. Kabati la kimo cha sm 240 na kina cha sm 60 likiingia limelala, ili lisimame linahitaji nafasi ya ulalo wake, yaani sm 247 na ushee. Chumba chenye dari la jipsamu lililoshushwa hadi sm 245 kinalipokea kabati hilo kwa kipimo cha ukutani lakini halitasimama humo. Litagota dari, litachimba jipsamu, na lawama itakuja kwako uliyelibeba. Dawa ni kulifungua na kulifungia humo humo ndani, au kuvua tako na taji lake kama fundi aliyatenganisha. Swali hili liulizwe fundi kabla hajapiga gundi.

Kabati la bodi halibebwi kama la mbao. Bodi ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ukiliburuza hata hatua moja, skrubu za chini zinachimbua matundu yake na haziumi tena. Linyanyuliwe kwa kushika ubao wa chini, milango imefungwa kwa kamba, rafu za vioo zimetolewa. Ule ubao mwembamba wa mgongoni usiung'oe ili kupunguza uzito, kwa sababu ndio unaozuia kabati lisiyumbe. Kwa vitanda beba spana namba 13 na namba 17, zinazofungua boti za mm 8 na mm 10, bisibisi ya nyota na elenki (funguo za pembe sita) seti nzima. Boti, nati na washa viingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko ufungwe kwenye mfumbati wa kitanda hicho hicho. Chaga zifungwe bunda moja, maana chaga moja ikipotea njiani godoro litabonyea hapo kila usiku na utapigiwa simu.

Fanicha mpya kutoka Keko ina tatizo lake: vanishi. Inaonekana imekauka kwa sababu haishiki kidole, lakini chini bado ni laini. Ukiizungushia nailoni na jua la saa nane, nailoni inaacha ramani yake juu ya meza. Bonyeza gumba kwa nguvu sehemu isiyoonekana, upande wa ndani wa mguu kwa mfano; alama ikibaki, mwambie fundi mzigo unasubiri hadi kesho. Ukilazimika kubeba, weka shuka la pamba kwanza, blanketi juu yake, nailoni isiguse mbao kabisa. Na ile mipira ya tyubu tunayoipenda kwa kufungia inachafua kitambaa cha rangi ya maziwa na hata vanishi kavu. Iguse blanketi au boksi, isiguse mali ya mtu.

Kupakia kunaanzia nyuma ya kabini kwa vile vizito na virefu, kisha unashuka kuelekea mkiani. Lakini kuna utaratibu mwingine unaoshindana na huo: vitu vya vyumba vya ndani vinapaswa kushuka kwanza. Ukishusha sofa kabla ya kitanda, sebule inajaa na kitanda hakina pa kupitia. Kwa hiyo, uzito ukiruhusu, sofa ziende mbele karibu na kabini, vitanda na makabati yaliyofunguliwa yawe nyuma. Vioo, televisheni na marumaru ya meza husafiri vikiwa vimesimama kwa ubavu, kamwe havilali, kwa sababu kikilala, kila tuta linakipiga katikati pasipo na kitu cha kukishikilia. Mahali pake bora ni katikati ya magodoro mawili yaliyosimama kufuata urefu wa bodi. Godoro la springi usilikunje. La sponji linakunjika kwa safari fupi bila madhara.

Godoro lililosimama ni tanga. Kwenye barabara ya Kilwa au Mandela, upepo wa lori linalokupita unatosha kulilaza. Kamba moja juu yake haitoshi: weka moja karibu na chini na moja theluthi mbili ya kimo, zote zikaze kwenda chini na kuelekea kabini. Namna ya kukaza ni hii. Funga ncha moja kwenye ndoano ya bodi, vusha kamba juu ya mzigo, katikati ya kamba upande wako tengeneza kitanzi, ncha ipite chini ya ndoano, irudi ndani ya kitanzi, halafu vuta kwenda chini. Unapata nguvu zaidi ya kuvuta moja kwa moja. Malizia kwa mafundo mawili mafupi juu ya kitanzi. Kila kona inayoguswa na kamba iwekewe boksi lililokunjwa. Baada ya kilometa mbili au tatu simama, kwa sababu mzigo umeshakaa na kamba imelegea, kaza tena. Mkanda wa racheti ni mzuri kwa friji na mbao nzito, ila kwenye kabati la bodi au sofa unavunja, maana mkono hausikii umefika wapi. Kinachotokeza nyuma kifungwe kitambaa chekundu. Utingo asikae juu ya mzigo kushikilia godoro. Kama linahitaji kushikiliwa, halijafungwa.

Friji isafiri imesimama. Ubavu wake uegemee chuma cha nyuma ya kabini, katikati kuna sponji, na mabomba ya mgongoni yasiguse chochote. Mlango ubandikwe utepe wa karatasi wenye gundi, rafu zitolewe, trei ya maji ya chini imwagwe, la sivyo yataishia kwenye godoro. Ndani ya kompresa kuna oili. Friji ikilazwa, oili hupanda kwenye mabomba, na ukiichomeka mara tu ikifika, kompresa inazunguka bila ulainisho. Iliyosimama njia nzima iache saa mbili. Iliyolazwa iache hadi kesho yake, saa 24, na mwambie mteja mbele ya shahidi au kwa ujumbe, kwa sababu ikifa baada ya wiki atasema ni wewe. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele inakuja na boti za kushikilia pipa wakati wa safari. Mteja akiwa nazo, zirudishwe. Akiwa hana, gari liende taratibu kwenye matuta. Mtungi wa gesi usimame, valvu ifungwe, regileta itolewe.

Kwenye ngazi, mwenye nguvu awe chini, kwa kuwa uzito humwendea yeye. Ghorofa za Kariakoo zenye ngazi za kujizungusha hazina mjadala: pima kibaraza cha kona kabla ya kupanga bei.

Bei sasa. Wengi wanahesabu kwenda na kusahau kurudi tupu. Tuseme ni kilometa 25 kwenda, jumla 50. Kirikuu yenye mzigo kwenye foleni ihesabie kilometa 10 kwa lita, yaani lita 5. Petroli ikiwa shilingi 3,000 hiyo ni 15,000. Weka 10,000 ya utingo na 10,000 ya gari lenyewe, matairi, oili na klachi inayoungua kwenye vilima vya Goba. Umefika 35,000 na wewe bado hujajilipa. Ghorofa, kusubiri kunakozidi saa moja, kituo cha pili na tozo ya Daraja la Nyerere kwa wa Kigamboni vitajwe pembeni, kila kimoja na bei yake, kabla ya kuondoka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi; siku hiyo rekebisha hesabu yako, usingoje kuumia. Wakati wa masika uliza pia hali ya barabara ya mtaa, si ya lami tu, na turubai likae garini hata kama asubuhi ni jua.

Makaratasi ni mafupi: leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, bima iliyo hai, kizimamoto na pembetatu. Bima ya gari ya kawaida hailipi sofa ya mteja. Kwa hiyo piga picha kila kitu kabla hujakigusa, pande zote nne, na mkwaruzo wa zamani mwonyeshe mwenye mali pale pale. Pesa ya njia nzima ilipwe gari likiwa limefika na kamba bado zimekazwa. Akikuonyesha ujumbe wa muamala kwenye simu yake, fungua ya kwako uangalie salio, ndipo ufungue fundo la kwanza.