Dozi ya mwaka: kwa nini "mionzi imepungua" si jibu kwa watu wa Bikini

Bikini ni kisiwa cha matumbawe katika visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki, ambako Marekani ilijaribia mabomu ya nyuklia. Mtu akionyeshwa picha zake za leo, minazi iliyonyooka na samaki tele kwenye matumbawe, hukimbilia kusema mionzi imekwisha, wenyeji waliohamishwa warudi kwao. Hoja yake ni kwamba wapiga mbizi huenda kule na kurudi wazima, na kipima mionzi hakionyeshi la kutisha. Hapo anachanganya mambo mawili, kinachosomwa na kipima na dozi anayopata mkazi, na mchanganyo huo umekwisha kuwaumiza watu.

Dozi ni kiasi cha mionzi ambacho mwili wa mtu umepokea, kikipimwa kwa madhara kinayoweza kuleta. Kizio chake ni milisiveti, na kwa mkazi huhesabiwa kwa mwaka mzima.

Kipima mionzi ukikishika ufukweni kinasoma kinachokupiga kutoka nje, pale uliposimama. Hakijui utakula nini jioni. Na Bikini, sehemu kubwa ya dozi ya mkazi hupitia mdomoni.

Marekani ililipua mabomu 23 pale kati ya 1946 na 1958, likiwemo Bravo la Machi 1, 1954, lenye nguvu ya megatani 15. Kinachosumbua zaidi kati ya yaliyobaki udongoni ni sesiamu-137, elementi yenye mionzi ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi na potasiamu haba. Sesiamu inafanana kikemia na potasiamu, kwa hiyo mnazi wenye njaa ya potasiamu huifyonza hiyo, ikapanda hadi kwenye dafu na nazi. Mshelisheli nao hivyohivyo, na mkadi, ambao kule matunda yake ni chakula. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa nazi huingia mara ngapi jikoni.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, katika tathmini yake ya 1998, lilitoa makadirio zaidi ya moja. Anayekula vya kisiwani tu angepata takriban milisiveti 15 kwa mwaka. Anayechanganya na vyakula vya kuagizwa, takriban 4. Udongo ni uleule. Kilichobadilika ni sahani. (Mionzi ya asili duniani ni wastani wa 2.4 hivi.) Shirika lilishauri watu wasihamie kuishi pale katika hali ile, likapendekeza mbolea ya potasiamu, ambayo hupunguza sana sesiamu inayoingia kwenye mimea. Kukwangua udongo wa juu nako kungeondoa sesiamu, lakini kungeondoa pia tabaka dogo la rutuba ambalo kisiwa kinalo.

Mwaka 1968 Rais Lyndon Johnson alitangaza kwamba watu wa Bikini wanaweza kurudi. Minazi mipya ikapandwa, na familia zikaanza kurejea mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakala nazi, kama mtu yeyote angefanya nyumbani kwake. Kufikia 1978 sesiamu miilini mwao ilikuwa imepanda kiasi kwamba baadhi yao walipita kikomo cha Marekani yenyewe, wakahamishwa tena. Linaloniuma ni kusikia wakilaumiwa kwa kula walichokatazwa. Makatazo yalikuja kwa vipande, chakula kimoja baada ya kingine, kwa watu waliokwisha kuambiwa kwamba kwao ni salama.

Kikomo chenyewe nacho hakitoki maabara peke yake. Kwa Rongelap, kisiwa kingine cha Marshall, makubaliano ya 1992 yaliweka milisiveti 1 kwa mwaka juu ya mionzi ya asili, kwa mtu anayekula vya kisiwani tu. Mahakama ya madai ya nyuklia ya Marshall ilitumia 0.15. Kisiwa kinaweza kufaulu kwa kikomo kimoja na kushindwa kwa kingine bila chembe moja ya udongo kuhama. Kwa hiyo wenye kisiwa wana haki ya kukaa mezani kikomo kinapochaguliwa, si kusubiri kusomewa matokeo.

Basi tuseme hivi: Bikini inatembeleka, lakini bado haijakalika kwa mtu atakayekula matunda yake kila siku. Na atakayetangaza kwamba inakalika ataje pamoja na tangazo lake chakula alichokihesabu na kikomo alichokitumia.